Mapengo Kati ya Punje: Somo Lililolala Chini ya Michai

Nchi ya chai, kuanzia vilima vya Kericho hadi mabonde ya Bomet, husifiwa kwa jani lake. Tangu mwaka 1951 Kericho imekuwa makao ya watafiti wa chai, na kazi yao kuhusu miche, mbolea na maradhi imewafaa wakulima wa Afrika Mashariki nzima. Sina ugomvi na sifa hizo. Ninachouliza ni kwa nini udongo uliobeba jani hilo hutajwa tu pale unapolilisha jani, kana kwamba hauna kazi nyingine duniani. Udongo huu una somo lake, tena ni somo la hesabu na la fizikia kwa pamoja, na walimu wetu hulipita kila asubuhi waendapo shuleni.

Nianze na jiko. Jiko la makaa lenye kikombe cha udongo ndani ya mkebe wa bati lilibuniwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kufuata mfano wa majiko ya ndoo ya Thailand. Baadaye likaja jiko la kuni liitwalo Maendeleo, ambalo wengine wanalijua kwa jina la Upesi, nalo pia moyo wake ni kikombe cha udongo uliochomwa. Majiko haya yamepunguza kuni na makaa katika nyumba nyingi sana. Lakini muulize mama yeyote anayelitumia kila siku, atakwambia kwamba bati huchakaa polepole, ilhali kikombe hupasuka ghafla. Muuzaji husema mnunuzi alimwagia maji jiko likiwa moto. Mnunuzi husema ameuziwa kitu kibovu. Mfinyanzi naye, akifikiwa, husema udongo wa mwaka huu haukuwa mzuri. Kila mmoja ana chembe ya ukweli, ila hakuna anayezungumzia chembe zenyewe, yaani ukubwa wa punje zilizomo katika udongo ule na jinsi zilivyokaa pamoja kabla ya moto.

Ili kuelewa jambo hili, hebu tuingie kwanza katika kiwanda cha chai, chumba cha mwisho, baada ya majani kusagwa, kugeuka rangi na kukaushwa. Hapo chai hupitishwa juu ya chekecheo zinazotikisika, ikagawanywa kwa ukubwa wa punje: BP1 iliyo kubwa, kisha PF1, kisha PD, na D1 iliyo vumbi. Wanafunzi wa huku huzijua herufi hizo tangu utotoni kwa kuwa wazazi wao huzitaja wanapozungumzia bei za mnada wa Mombasa. Kwa nini kiwanda kijisumbue kutenganisha? Kwa sababu punje ndogo hutoa rangi na ukali wake upesi kuliko punje kubwa, na mnunuzi anataka kikombe cha leo kifanane na cha jana. Pia kwa sababu chai ya ukubwa mbalimbali ikiwekwa katika mfuko mmoja na kusafirishwa, vumbi huteremka kupitia mapengo yaliyo kati ya punje kubwa na kutulia chini. Mfuko ukifunguliwa safarini mwisho, juu kuna chai moja na chini kuna nyingine.

Neno ninalotaka tulishike hapo ni mapengo. Kila rundo la punje, ziwe za chai, mahindi, mchanga au udongo, lina mapengo ndani yake. Mtaalamu wa chai huyaona mapengo hayo kuwa njia ambayo vumbi hupenyea na kuharibu mpangilio. Mfinyanzi anayetaka kutengeneza kitu kizito na kigumu huyaona kuwa vyumba vitupu vinavyosubiri wapangaji. Yule hutenganisha, huyu huchanganya, na wote wawili wanashughulika na jambo lile lile.

Mapengo hayo ni makubwa kiasi gani? Watu wengi hukisia kwamba ni machache, kumi au ishirini kwa mia. Chukua debe au mkebe wa lita moja, ujaze mahindi makavu, utikise hadi yatulie, kisha mimina maji taratibu mpaka yafike ukingoni. Utashangaa maji yanavyoendelea kuingia: karibu theluthi moja ya mkebe, na pengine zaidi, ilikuwa hewa. Punje zilizo duara na zenye ukubwa mmoja, zikimwagwa bila kupangwa na kutikiswa vizuri, hujaza takribani 64 kwa mia ya chombo. Hata ukizipanga kwa mkono, moja moja, kama wauzaji wa machungwa wanavyojenga piramidi zao sokoni, huwezi kupita 74 kwa mia. Johannes Kepler alilidai hilo mwaka 1611. Dunia ilisubiri hadi mwaka 1998 ndipo Thomas Hales wa Marekani akatoa uthibitisho, nao ulikuwa mrefu hata ikabidi mashine za kompyuta zisaidie, na ukaguzi wake wa mwisho ukakamilika mwaka 2014. Muuza machungwa hakungoja.

Basi ikiwa punje za ukubwa mmoja haziwezi kujaza chombo, njia ni kuleta punje ndogo zikae ndani ya mapengo ya zile kubwa. Hesabu yake ni rahisi na mwanafunzi wa sekondari msingi anaiweza. Punje kubwa zimejaza 64 kwa mia, zikaacha 36. Punje ndogo sana zikimwagwa ndani ya hizo 36, nazo hujaza 64 kwa mia ya nafasi yao, yaani 23. Jumla ni 87. Mapengo yamebaki 13 tu. Ukileta punje ndogo zaidi kuingia katika hizo 13, utaongeza nyingine 8, na jumla itakuwa 95. Tazama uwiano nao: katika zile 87, punje kubwa ni 64, ambazo ni karibu 74 kwa mia ya mchanganyiko, na ndogo ni 26. Ndiyo maana mafundi wengi huanza na vipimo saba vya chembe kubwa kwa vitatu vya ndogo, kisha wakarekebisha kwa majaribio.

Kuna sharti moja ambalo wanafunzi hulisahau, nalo ndilo linaloharibu majaribio mengi. Punje ndogo lazima iwe ndogo kweli kweli. Punje tatu za duara zikigusana, kijitundu kilicho katikati yake huweza kupitisha duara yenye upana wa takribani sehemu moja kwa sita na nusu ya upana wao. Kwa hiyo punje ndogo ikiwa nusu ya ile kubwa, au hata robo yake, haipenyi. Badala yake huzisukuma punje kubwa zitengane, na mapengo hupungua kidogo tu kuliko hesabu inavyotarajia. Mtafiti McGeary, aliyechapisha majaribio yake mwaka 1961, alitumia vigololo vya ukubwa wa aina nne, kila aina ikiwa ndogo kuliko iliyotangulia kwa mara tano hadi nane hivi. Vya ukubwa mmoja vilijaza 62.5 kwa mia. Aina zote nne zilipokutanishwa, zikimwagwa kwa zamu huku chombo kikitetemeshwa, zilijaza 95.1 kwa mia, na hakuna hata kimoja kilichobanwa kwa nguvu. Kabla yake Furnas, Mmarekani, alikuwa amekwisha kuandika hesabu ya jambo hili mwaka 1931, na Fuller na Thompson walikuwa wamelichunguza katika zege tangu mwaka 1907.

Nimetaja zege kwa kusudi. Barabara ya murramu inayomfikisha mkulima kwenye kituo cha kupimia majani imejengwa juu ya hesabu hiyo hiyo. Murramu yenye kokoto tupu hutawanyika chini ya magurudumu. Yenye vumbi tupu hugeuka utelezi mvua ya kwanza ikinyesha, na lori la majani likikwama nusu siku, majani hupata joto na kuharibika ndani ya magunia. Murramu iliyo na kokoto, changarawe, mchanga na udongo kwa kiasi kinachofaa hushindiliwa ikawa kama sakafu. Mkandarasi anayemwaga chochote alichochimba bila kukichekecha anawaibia wakulima, hata kama stakabadhi zake zote ni halali.

Turudi kwa mfinyanzi. Kitu cha udongo hakiishii kwenye kupangwa kwa chembe. Lazima kipite motoni. Na hapa ndipo somo linapokuwa tamu zaidi, kwa sababu moto hauupendi mpangilio ule ule ambao hesabu yetu iliupenda.

Wanapotengeneza vidonge vya kauri ngumu, mafundi huchukua unga laini wa madini, wakaubana katika kalibu ya chuma, kisha wakauchoma kwa joto kali lakini lisilofikia kuuyeyusha. Katika joto hilo chembe zinazogusana huanza kuungana mahali pa kugusana, shingo ndogo huota kati yake, mapengo hunywea, na kidonge chote husinyaa. Vidonge vya dioksidi ya urani vinavyotumika katika vinu vya nyuklia hutengenezwa hivyo. Ni vidogo, upana wake ukiwa karibu sentimita moja, huchomwa katika nyuzi zinazokaribia 1,700, na msongamano wake hufikishwa kwenye takribani 95 kwa mia ya ule wa madini yasiyo na tundu hata moja. Wakenya wamekwisha kuzisikia habari za nyuklia, hasa mwaka 2024 wakazi wa Uyombo, Kilifi, walipoupinga mradi wa kujengewa kituo. Katika kelele zile zote sikusikia mtu akiwaeleza wanafunzi kwamba fueli yenyewe ni kauri, jamaa ya chungu na kigae. Kauri ya namna hiyo ipo hata ndani ya plagi za magari yetu, na nduguye ni vile vikombe vyeupe na vya kahawia vinavyoshikilia nyaya juu ya nguzo za umeme.

Sasa hesabu ya kusinyaa. Kidonge kilichobanwa kikawa na unga nusu na mapengo nusu, kikichomwa hadi kufikia 95 kwa mia, upana wake hupungua kwa karibu 19 kwa mia. Kilichoanza na 70 kwa mia, kwa sababu chembe zake zilichanganywa kwa ukubwa, hupungua kwa chini kidogo ya 10 kwa mia. Tofauti hiyo si ndogo. Kitu kinachosinyaa kwa karibu sehemu moja ya tano hupinda, hukunjana na kupasuka, maana upande mmoja hukauka au kupata moto kabla ya mwingine. Kwa hiyo kuchanganya kunasaidia, tena sana.

Hata hivyo chembe kubwa ina ubaya wake. Kinachozisukuma chembe ziungane motoni ni eneo la ngozi yake, na chembe ndogo ina ngozi kubwa kwa uzito wake, kama vile jani lililosagwa lilivyo na ngozi kubwa kuliko jani zima. Unga laini kabisa huungana upesi. Chembe kubwa hazisinyai pamoja nao. Hubaki kama mawe ndani ya ugali unaopoa, zikiuzuia unga ulio kati yake usijikusanye. Mtu akiongeza chembe kubwa kupita kiasi ataona kidonge chake kimeanza na msongamano mzuri kabla ya moto, kisha moto ukashindwa kukimaliza. Ndiyo sababu fundi wa kauri ngumu hutumia chembe kubwa ambazo nazo ni ndogo kwa macho yetu, huku fundi wa matofali ya tanuri akiruhusu punje za kuonekana. Anayesoma nusu moja tu ya somo hili, ile ya mapengo, atadhani kuchanganya ni dawa ya kila kitu.

Na hapa lazima niseme wazi jambo ambalo hata baadhi ya waalimu wa ufundi hulikosea. Kikombe cha jiko si kidonge cha kauri ngumu, na hakitakiwi kuwa hivyo. Kitu kisicho na tundu hata moja, kikipata moto upande mmoja na ubaridi upande wa pili, hupasuka mara moja, kwa kuwa ufa ukianza hauna kitu cha kuuzuia. Kikombe cha jiko kinahitaji vitundu vidogo vya kutunza joto, na chembe ngumu kubwa kubwa za kuusimamisha ufa unapotembea. Wafinyanzi wa kale wa Afrika Mashariki walilijua hilo bila kitabu. Ndiyo maana waliponda vyungu vilivyovunjika na kuvirudisha katika udongo mbichi, au wakatia mchanga. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, nasi huifasiri methali hiyo kuwa ni masikitiko ya fundi asiyefaidi kazi yake. Lakini kigae kilikuwa mali kwa mfinyanzi. Kimekwisha kupita motoni, hakisinyai tena, na kikisagwa ndicho kinachoupa udongo mpya mifupa.

Tatizo la vikombe vingi vinavyouzwa leo ni kwamba mtengenezaji, kwa haraka au kwa kutojua, hutumia udongo laini peke yake kwa sababu ndio unaolainika mkononi na kutoa uso unaong'aa sokoni. Udongo laini hunywa maji mengi, hivyo husinyaa sana unapokauka. Nyufa huanza hapo, nyembamba zisizoonekana, na moto hukamilisha kazi. Mwingine hutia mchanga wowote aliouokota mtoni bila kuuchekecha, nao ukiwa na punje za ukubwa wa kati tupu, zile zilizo robo au nusu ya nyingine, huvuruga mpangilio kama nilivyoeleza. Tena mchanga mwingi ni kwatsi, ambayo hubadili umbile lake na kutanuka ghafla joto likifika nyuzi 573. Kigae kilichosagwa ni salama zaidi, nacho hupatikana bure kwa kila aliyevunja chungu.

Ninaandika haya kwa walimu na wanafunzi kwa sababu mtaala wa umilisi umetutaka tufundishe kwa vitendo, na shule nyingi hulalamika kwamba hazina maabara. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini somo hili halihitaji maabara. Siku ya kwanza, kila kikundi kilete lita moja ya mahindi na lita moja ya wimbi. Wachanganye, watikise, wapime. Hawatapata lita mbili, na mwalimu asiwaambie watapata ngapi. Waongeze wimbi kidogo kidogo katika mahindi na kuandika kila mara ujazo ulivyo, hadi wapate kipimo ambacho baada yake chombo huanza kufurika. Wachore mstari wake. Kisha warudie kwa mahindi na maharagwe, ambayo ukubwa wake unakaribiana, wauone mstari huo ukikataa kushuka kama ule wa kwanza. Methali ya haba na haba hujaza kibaba itapata maana ambayo hawakuitarajia: haba za ukubwa mmoja hazikijazi.

Siku zinazofuata waingie katika udongo wenyewe. Wauchimbe kando ya mto au bondeni, si kwenye shamba la mtu bila ruhusa, waukaushe na kuuponda. Vigae wavisage na kuvichekecha kwa nyavu za waya zenye matundu tofauti, vikiwa vimelowanishwa kidogo ili vumbi lisiruke, maana vumbi la udongo mkavu likivutwa kwa muda mrefu huharibu mapafu, na hilo si jambo la mzaha. Watengeneze vibao vya aina tatu: vya udongo laini mtupu, vya udongo na kigae cha ukubwa mmoja, na vya udongo wenye vigae vya ukubwa aina mbili, kikubwa kiwe walau mara saba ya kidogo. Juu ya kila kibao kibichi wachore mstari wa milimita 100. Kibao kikikauka, kila milimita iliyopungua ni asilimia moja ya kusinyaa. Hakuna hesabu rahisi kuliko hiyo. Vikiisha kuchomwa wapime tena mstari, kisha wapime uzito wa kibao kikavu, wakichemshe majini kwa saa kadhaa, wakifute, wapime uzito kwa mara ya pili. Uzito ulioongezeka ni maji yaliyoingia katika matundu. Archimedes hatakuwa tena jina la kukariri.

Kisha lije jaribio la moto na maji. Kibao chekundu kwa joto kitiwe katika ndoo ya maji baridi, kwa koleo ndefu na mwalimu akisimamia, kihesabiwe kimevumilia mara ngapi kabla ya kupasuka. Hapo ndipo watakapoona kwamba kibao kizito kuliko vyote si lazima kiwe kinachodumu kuliko vyote. Mwanafunzi aliyeliona hilo kwa macho yake anaweza kwenda kwa mfinyanzi wa soko la Kapkatet au Sotik akazungumza naye kwa adabu na kwa manufaa, na huenda akajifunza kwake zaidi ya atakayomfunza.

Vyuo vya ufundi vya kaunti za Kericho na Bomet vingeweza kulichukua jambo hili na kulikuza. Vijana wetu hufundishwa ushonaji, useremala na umeme wa magari, na ni vyema. Ufinyanzi hubaki kuwa kazi ya akina mama wazee kando ya barabara, ilhali kila jikoni kuna kikombe kitakachohitaji kubadilishwa. Gharama ya kuanza ni chekecheo tatu za waya, mizani ya gramu, kalibu ya chuma na tanuri dogo la matofali linaloweza kuwashwa kwa matawi ya mikaratusi yanayobaki baada ya kuni za viwanda kukatwa.

Kwa shule isiyo na hata hivyo, wimbi na mahindi vinatosha kwa muhula mmoja. Mwalimu atakayeamua kuchoma vibao na aandae thelathini akitaka ishirini, na avikaushe kivulini wiki mbili kamili, kwa maana unyevunyevu wa Kericho ni mwingi, na kibao chenye maji ndani yake hulipuka tanurini.